Nguvu ya Kukimbia, Si ya Kubeba: Maisha ya Fundi Anatole Byaombe

Ndugu waombolezaji, mapadri na wachungaji, wazee wa Katenga mliotelemka kwa miguu tangu jana, bamama wa soko la Baraka, familia inawaomba mtulie, kila mtu akae pale alipo, na ninyi mliokwisha kupanda juu ya gari pale nje, mkidhani hatuwaoni, mtege masikio pia, maana historia hii inawahusu kuliko mnavyofikiri. Anayesoma ni Raphaël, ndugu mdogo wa mjane, lakini maneno ni ya mjane mwenyewe, Mama Adolphine, ambaye aliyasema jana mchana kutwa akiwa amekaa kwenye mkeka, akaagiza lisipunguzwe hata neno moja, hata yale ambayo Raphaël alimsihi ayapunguze kwa heshima ya wageni.

Marehemu Anatole Byaombe alizaliwa tarehe 3 Juni 1951 katika kijiji cha Katenga, kule juu mlimani, eneo la Fizi, akiwa mtoto wa nne wa mzee Albert Byaombe, mkulima wa muhogo, na Mama Félicité, ambaye kaburi lake liko nyuma ya nyumba ile ile aliyomzalia. Pembeni ya kaburi hilo ndipo marehemu alipoomba alazwe, si huku chini kwenye joto, na hilo ndilo tunalotaka kulitimiza leo, kabla ya mvua na kabla ya saa tisa, kwa sababu baada ya saa tisa barabara ile haina mwenyewe, kila mmoja wenu anajua.

Alianza masomo ya msingi mwaka 1958 katika shule ya misioni ya Fizi, akasoma vizuri hesabu na vibaya dini, hadi mwaka 1964, vita vya wakati ule vilipofunga shule, akavuka ziwa pamoja na mjomba wake mpaka Kigoma. Huko, kuanzia 1967 hadi 1973, alijifunza ufundi katika garaji ya malori ya mazutu, yaani dizeli, chini ya mzee mmoja ambaye hakumruhusu mwanafunzi kushika ufunguo kabla hajasikiliza motere ya gari kwa muda wa kunywa chai, na kutoka kule alirudi na sanduku la vyombo, na tabia moja mbaya ambayo Mama Adolphine aliivumilia miaka ishirini na mitano, ya kusikiliza motere iliyo mbali wakati mtu aliye karibu anaongea naye.

Mwaka 1974 aliajiriwa hapa Baraka na kampuni ya barabara, na kampuni ilipoondoka na barabara ikaharibika, aliendelea kutengeneza mashine za kusaga muhogo na motere za mitumbwi. Tarehe 7 Agosti 1976 alifunga ndoa takatifu na Mama Adolphine, na wale waliokuwepo wanakumbuka kwamba padri alipomuuliza kama anamkubali bibi huyu, alikawia kujibu, kanisa likaanza kunong'ona, mama mkwe akaanza kulia, kumbe hakuwa na shaka yoyote, ila mashine ya kusaga iliyokuwa nyuma ya kanisa ilikuwa inaruka pigo moja, naye alitaka kwanza kujua ni silinda gani. Mungu aliwajalia watoto saba, wawili wametangulia, watatu wako kambini ng'ambo ya ziwa na hawakuweza kuvuka, na walio hapa ni Georgette, kifungua mimba, na mdogo wake Chérie.

Sasa tunafika kwenye gari, na Mama Adolphine amesema tusijifanye kwamba gari haikuwa sehemu ya familia. Mwaka 1993 masista walileta Land Cruiser ya mazutu yenye turbo kwa ajili ya wagonjwa wa kituo cha afya, marehemu akakabidhiwa kuitunza, na vita vilipoingia Oktoba 1996 masista wakalazimika kuondoka, gari ikabaki, watu wakaipa jina la Sista. Usiku ule ule marehemu aliifungua pompe ya mazutu na turbo, akazipaka grisi, akazizika nyuma ya choo, na nguo aliyozifungia ilikuwa kitenge cha harusi cha mkewe, bila kumuuliza, naye alipoulizwa alijibu kwamba pamba nyingine nyumbani ilikuwa imechakaa. Wenye silaha walikuja, wakasukuma gari kidogo, wakaitukana, wakaiacha, na kwa sababu hiyo tu Baraka ilikuwa na gari ya wagonjwa mwaka 1997. Agosti 1998 vita viliporudi, aliizika turbo mara ya pili, na mkewe akavuka ziwa na watoto baada ya habari za mauaji ya kule Makobola, yeye akakataa kuvuka, akisema Sista hawezi kubaki peke yake. Mama Adolphine anasema mwanamke anaweza kushindana na mwanamke mwenzake, lakini na motere ya silinda sita, hapana.

Walipokutana tena, mwanzoni mwa 1999, barabara ya kupanda hospitali ya Fizi ilikuwa imebadilika. Pale kwenye kona ya mawe, ambapo mlima unasimama, gari yenye mgonjwa ilikuwa inapanda kwa gia ya kwanza, mtu mwenye mguu mmoja angeweza kuipita, na watu wa msituni, wenye bunduki, walijua hivyo. Tarehe 19 Mei 1999 walisimama pale barabarani, muuguzi wetu Suzanne akapigwa risasi akiwa ameshika chupa ya serumu ya mgonjwa, akafa kabla ya kufika juu. Baada ya kilio chake komite ya kituo, chini ya rais wake Bwana Patrice, ilikuja kwa marehemu na neno moja, ongeza turbo, kama vile mtu anavyosema ongeza chumvi.

Marehemu alikataa kwanza, akawaeleza, na wengi wenu mmeyasikia maelezo hayo kwenye harusi, kwenye ubatizo, na mara moja kwenye kilio kama hiki mpaka shangazi mmoja akamwomba anyamaze. Turbo ni feni ndogo inayozungushwa na moshi unaotoka, nayo inasukuma hewa iingie ndani ya motere kwa nguvu, na motere ikipata hewa zaidi pamoja na mazutu zaidi kwa kipimo chake, inapanda vizuri, lakini hewa bila mazutu ni upepo mtupu, na mazutu bila hewa ni moshi mweusi na moto unaoyeyusha pistoni, na gari iliyozoea kupumua kiasi fulani haipewi pumzi mpya kabla ya kupimwa afya. Komite walitikisa vichwa kukubali, wakamuuliza kama itakuwa tayari Jumatatu.

Haikuwa tayari Jumatatu. Alianza kwa kusafisha filta ya hewa, akakaza mipira yote iliyokuwa inavuja, akafungua radiateri na kutoa matope ya miaka sita, akabadili mafuta ya motere, na watu waliopita wakasema fundi anacheza, gari haijaongezewa kitu. Halafu akachukua saa ya kupimia upepo wa matairi, akaivutia mpira mwembamba kutoka kwenye turbo hadi mbele ya shofere, akaona kwamba sindano inasimama nusu kilo na kidogo, kama kiwanda kilivyotaka, ndipo akakaza fimbo ya ule mlango mdogo wa turbo unaoachia presha ikizidi, mzunguko mmoja, si zaidi, akapanda mlima wa karibu na mapipa ya maji yenye uzito wa watu wanane, akarudi, akafungua visi, ile skrubu ya mazutu kwenye pompe, kwa upana wa ukucha, akapanda tena. Hivyo hivyo kiangazi chote, hewa kwanza, mazutu baadaye, kidogo kwa kidogo, na sindano haikufika kilo moja, kwa sababu aliapa haitafika.

Na nani alikuwa amekaa nyuma, mlango wazi, vumbi puani? Mama Adolphine, akishika foronya yake nyeupe, kwa sababu marehemu alitaka mtu wa kutazama rangi ya moshi juu ya kitu cheupe, na mtu huyo asiwe wa kumwambia yale anayotaka kusikia. Moshi ukiwa mweusi alipiga bati la gari mara mbili, maana yake rudisha visi, ukiwa kama wa jiko linaloanza kuzimika alinyamaza. Foronya nne zilikwisha, kikohozi kikamkaa, na siku aliyolalamika mumewe alimjibu kwa upole wote kwamba kikohozi chake ni cha muda, lakini pistoni ikiyeyuka haiponi.

Kitu cha mwisho ndicho kilichotuletea maneno. Hapa hatuna saa ya kupima moto wa moshi, basi marehemu alienda ufukoni akaomba plomu, ile risasi laini ya wavuvi inayofungwa chini ya wavu wa ndakala, dagaa wetu, ili uzame, akaifunga kwa waya kwenye bomba la moshi, karibu kabisa na turbo. Plomu ikifika juu na sura yake, motere iko salama. Plomu ikilegea au ikidondoka, moto umezidi, punguza mazutu au punguza mzigo, hakuna njia ya tatu. Alipopata kipimo ambacho plomu inabaki nzima na watu wanane ndani, alipaka visi zote rangi ya kucha ya Georgette, ili mkono wa mtu mwingine ukizigusa ajue, na kwenye mlango akaandika kwa rangi nyeupe, WATU WANANE, MUGONJWA ANAYELALA NI WATU WAWILI. Akaongeza sheria moja tu, kwamba ukifika juu usizime gari mara moja, turbo bado inazunguka na moto wake, uiache ingurume taratibu muda wa wimbo mmoja wa kanisa, beti zote, ndipo uzime, na wagonjwa wengi wa Fizi na Baraka wamefika hospitali wakiimbiwa kwa sababu hiyo.

Kuanzia Septemba 1999 Sista alipita kona ya mawe kwa gia ya tatu. Wale wa msituni walisikia mlio, na walipofika barabarani walikuta vumbi. Tairi la akiba lilipata tundu la risasi, mtu hakupata. Zaidi ya mwaka mzima hakuna aliyekufa pale, na familia inaomba mlikumbuke hilo kwanza, kabla ya haya yanayofuata.

Kwa maana ninyi mlifanyaje? Mliona gari ina nguvu, mkapakia. Gunia moja la muhogo, kwa sababu gari inapanda hata hivyo, halafu matatu, halafu madumu ya mawese, mbuzi, mafungu ya nguo za wachuuzi wa Misisi, na mtu wa kulinda kila kimoja. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, tunajua, lakini Sista alikuwa anabeba makanda ya wote. Marehemu aliposimama mbele ya gari na kukataza isiondoke, Bwana Patrice alimwambia mbele ya watu, "Fundi, si ni we uliongeza nguvu? Gari iko na nguvu, acha bantu bafanye kazi," naye akajibu maneno ambayo tumeyaweka juu ya historia hii, "Mi niliongeza nguvu ya kukimbia, sikuongeza nguvu ya kubeba." Watu walicheka, wakapanda.

Plomu ikaanza kuyeyuka kila wiki. Kila wiki marehemu alimuuliza shofere wetu Eddy amebeba nini, na kila wiki Eddy aliinama kutazama matairi. Tarehe 2 Novemba 2000 Georgette alishikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya, akapandishwa ndani ya Sista pamoja na mama yake, na Mama Adolphine alihesabu watu kumi na wanne na hakuhesabu mbuzi. Walipokaribia kona ya mawe, turbo ilipiga kelele kama panga juu ya jiwe, moshi ukajaa, nguvu ikaisha, na gari ikasimama, si kabla ya kona wala si baada yake, bali pale pale Suzanne alipopigwa risasi. Georgette alijifungua juu ya magunia, kwa mikono ya mama yake, na mwenye magunia, ambaye yuko hapa na amekaa vizuri kwenye kivuli, alilalamika kwamba unga umelowa. Wale wa msituni walitoka, wakaona damu, wakachukua mbuzi na magunia makavu, wakarudi, hawakugusa mtu. Mtoto ni Ketsia, amelala mgongoni mwa mama yake, mnamwona.

Kesho yake marehemu alipanda kwa miguu mpaka pale, akalala chini ya gari, akatafuta plomu yake, na mahali pake akakuta nati kubwa ya chuma, imefungwa vizuri kwa waya mpya. Eddy alimweleza kwa furaha, akidhani atasifiwa, "Fundi, ile yenye uliweka ilikuwa inayeyuka kila mara, mi nikatafuta ya kudumu, hii haiwezi kuyeyuka, iko chuma." Mama Adolphine alikuwa amemwona mumewe akikasirika kwa mambo madogo maisha yote, hasa kwa chai isiyo na sukari, lakini siku ile hakupaza sauti, alikaa chini barabarani, akaishika ile nati, akasema, "Eddy, ile plomu ilikuwa ulimi ya gari, we uliukata ili isilalamike." Kisha akaifunga ile nati kwenye mnyororo wa funguo zake, ikamkaa kiunoni mpaka alipokufa, na jana tumeitoa.

Alitafuta turbo nyingine ng'ambo ya ziwa, kwenye gari iliyopinduka, akaileta kwa mtumbwi, akabadili pistoni mbili, na Juni 2001 Sista alisimama tena, kipimo kile kile, plomu mpya, rangi ya kucha mpya. Komite ilimwomba safari hii aongeze zaidi, ili mizigo ienee. Alikataa, na yeye na Bwana Patrice hawakusalimiana mpaka Krismasi.

Kuhusu ugonjwa wake, marehemu alikuwa na mshipa wa ngiri tangu alipoinua motere ya Sista peke yake mwaka 1997, daktari akamshauri apasuliwe, naye akaahirisha kila mwaka, kwa sababu nani angekaa na gari, na hapo kosa ni lake, Mama Adolphine ameagiza lisomwe hivyo. Asubuhi ya tarehe 11 Februari 2002 utumbo ulibanwa. Sista alikuwa sokoni, amepakiwa hadi juu kwa safari ya Misisi kupitia Fizi. Mama Adolphine aliomba mzigo utelemshwe, na hakuna aliyekataa, bamama na bababa wote walisema ndiyo, ila walianza kubishana gunia la nani litelemke kwanza, na walibishana mpaka jua likawa utosini, na magunia yaliyotelemka yalikuwa machache. Marehemu aliwekwa mbele, mkono mmoja tumboni, macho kwenye saa yake ya upepo, na Eddy, ambaye alikuwa analia, alitaka kukanyaga mazutu mpaka chini, akakatazwa. "Panda polepole," alisema, "na muzigo huu plomu itayeyuka. Kesho kuko mugonjwa mwingine." Basi gari ile aliyoipa mbio kwa ajili ya wagonjwa ilimpandisha yeye kwa mwendo wa mbuzi, ikapita kona ya mawe kwa gia ya kwanza, kama zamani, na ikafika na plomu nzima. Jioni ile walimpasua, wakakuta kipande cha utumbo kimekwisha kufa.

Alirudishwa nyumbani tarehe 2 Machi, kidonda kikaharibika, na Alhamisi tarehe 14 Machi 2002, alfajiri, alisikia Sista akifika kutoka Fizi, akamuuliza mkewe kama Eddy ameiacha gari ikapumzika kabla ya kuizima. Mama Adolphine hakuwa amesikia, wala hakujali, lakini akamjibu ndiyo, beti zote, naye akatulia, na hakuamka.

Familia inawashukuru daktari na wauguzi waliompokea jioni ile, walifanya yote ambayo saa ile bado iliruhusu. Inawashukuru majirani waliokesha, wavuvi walioleta samaki na plomu, komite ya kituo iliyotoa mbao za jeneza, mafundi wenzake, na hata wenye magunia, maana mlimlilia kwa kweli, tumewaona, na hakuna anayelia kwa uongo siku tatu. Inamshukuru Eddy, ambaye leo asubuhi, bila kutumwa, alienda ufukoni mwenyewe, akaomba plomu moja, akalala chini ya gari kwa nguo zake za kilio, akaifunga kwa waya, akaja kumwonyesha Mama Adolphine mikono yake yenye masizi.

Lakini mlango wa gari bado umeandikwa. Mtu anayelala ni watu wawili, na aliye ndani ya jeneza analala. Wanabaki sita, nao ni Eddy, Mama Adolphine, Georgette na mtoto wake mgongoni, padri, na wazee wawili wa Katenga ambao miguu yao imekwisha. Raphaël anayesoma atapanda kwa miguu, Chérie kwa miguu, na Bwana Patrice amekubali kwa miguu, tunamshukuru. Wengine wote mlio juu ya gari, mshuke sasa, na mwenye gunia la muhogo lililofichwa pale chini, mahali jeneza litakapokaa, familia haitataja jina lako, ila Mama Adolphine ameinuka kwenye mkeka na amesimama, na hatakaa mpaka alione chini. Mara ile baba yetu hakuomba apishwe. Leo anaomba, apite ile kona kwa gia ya tatu.

Eddy, mkifika Katenga usizime mara moja. Wimbo mmoja, beti zote, gari ingurume taratibu mpaka moto ushuke, ndipo uzime, ndipo tutamtelemsha. Baba Georgette, pumzika kwa amani, na usiwe na haraka, safari hii tutakungoja.